Mzee wa Kijijini na Bima ya Afya: Haki au Hisani?

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 imekubali msingi ulio wetu tangu Azimio la Arusha: matibabu si bidhaa ya mwenye fedha. Msingi huo tunauunga mkono. Tunachokosoa ni njia ya kumfikia mzee.

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Lakini msamaha wa matibabu umefungwa kwa neno moja: "asiyejiweza". Mkulima wa Kiruruma, wilayani Karagwe, mwenye kishamba cha migomba na kahawa, anajiweza au hajiwezi? Anayeamua si yeye, ni ofisi. Lazima kwanza athibitishe umaskini wake. Huo ni urasimu, nao humwacha nyuma yule hasa aliye dhaifu: asiyejua kusoma, asiyeweza kutembea, asiye na wa kumsemea.

Linganisheni na mtumishi wa umma. Akiwa kazini, mchango wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya hukatwa katika mshahara wake bila kuombwa. Akistaafu, yeye na mwenzi wake huendelea kutibiwa. Mkulima naye alichangia. Kahawa yake iliiletea nchi fedha za kigeni. Na Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, wazee ndio waliolea wajukuu yatima. Mchango huo haukuandikwa katika daftari lolote la bima. Mfuko wa Afya ya Jamii ulimtaka ajiunge kwa hiari, kwa fedha yake, kila mwaka.

Wapo watakaosema kuwa kumwandikisha kila mzee ni kumbeba hata tajiri. Hoja hiyo ni dhaifu. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee wa miaka 70 na zaidi bila kuwauliza mali zao. Hata Marekani, ngome ya ubepari, anayepokea pensheni ya taifa huingizwa katika bima ya hospitali ya wazee afikapo miaka 65, bila kuomba. Tajiri na abanwe kwa kodi. Asitumiwe kuwa kisingizio cha kumsumbua maskini.

Kwa hiyo tunasema: mtu afikapo miaka 60, daftari la wakazi la kijiji limwandikishe, Serikali imlipie, na asiyetaka awe na haki ya kujitoa. Mzigo wa kuomba uhame kutoka kwa mzee uende kwa ofisi.

Hata hivyo, tusijidanganye. Kadi bila dawa katika zahanati ni karatasi tu. Uandikishaji ni hatua ya kwanza. Dawa na waganga ndio kipimo. Chama kishike usukani, na vikao vya matawi viulize kila mara: ni wazee wangapi wameandikwa, na ni wangapi wametibiwa?