Msumeno Kabla ya Gunia la Mahindi

Huko Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, msimu mkuu wa kuwinda kulungu kwa bunduki hufunguliwa mwishoni mwa Novemba, lakini mwenye shamba makini huanza kuuandaa Februari, theluji ikingali chini. Wakati huo akiba ya mafuta mwilini mwa kulungu imepungua sana, na njia za kumsaidia ni mbili: kumwaga mahindi kandokando ya msitu, au kuingia msituni na msumeno wa mnyororo na kuangusha miti. Ya kwanza huonekana huruma, ya pili uharibifu. Ukweli ni kinyume chake.

Kulungu ni mnyama anayecheua, na chakula chake humeng'enywa na vijidudu vya tumboni. Majira ya baridi vijidudu hivyo huwa vimezoea vijiti na macho ya miti, na huhitaji majuma kadhaa kuzoea chakula kingine. Mahindi mengi yakiingia ghafla, wanga huchacha, asidi hupanda, na mnyama anaweza kufa ndani ya siku chache, tumbo likiwa limejaa. Isitoshe, rundo la mahindi huwakusanya kulungu wakala mdomo kwa mdomo. Mwaka 2002 CWD, ugonjwa unaomdhoofisha kulungu hadi kufa, uligunduliwa Wisconsin. Hauna tiba, huenea kwa mate na mkojo, na kisababishi chake hudumu udongoni kwa miaka.

Msumeno hufuata njia nyingine. Macho ya mti wa mepo mwekundu huwa juu sana, ilhali kulungu hafikii mbali zaidi ya mita moja na nusu hivi. Mkataji huchagua shina jembamba, hulikata kwa mshazari, kisha huacha ukanda wa mbao na gome ili mti ulale bila kuachana na kisiki, mithili ya mlango kwenye bawaba. Siku hiyohiyo chakula kimeshuka. Ukanda ule ukiendelea kupitisha maji, mti huchipua tena, na mwanga unaopenya huotesha vichaka vya kuficha ndama. Februari inafaa kwa kuwa ardhi iliyoganda haishindiliwi na trekta.

Atakayesema njaa ya leo haingoji vichaka vya kesho, ajue kwamba macho hayo huliwa leo, na tumbo limekwisha kuyazoea. Hoja ya mbao ni nzito zaidi: mti uliolazwa hivyo hauuziki tena, na shina nene linaweza kupasuka kwa wima na kumrukia mkataji. Kwa hiyo mialoni mizuri itiwe alama ibaki, na ikatwe ile miembamba iliyopinda inayoinyima nafasi.

Kuna pia wanaouliza mantiki ya kumtunza mnyama ili apigwe risasi. Kusini mwa jimbo mbwa mwitu, ambao wangewapunguza kulungu, ni nadra. Kulungu wakizidi, humaliza miche na msitu hukosa warithi. Aldo Leopold, katika kitabu chake Game Management cha 1933, alishikilia kwamba wanyama wanaweza kurejeshwa kwa zana zilezile zilizowaangamiza, shoka na bunduki zikiwamo. Anayeongeza chakula Februari asipopunguza idadi Novemba, anaandaa njaa kubwa zaidi mwaka unaofuata. Kazi hizo mbili ni wajibu mmoja.