Safari ya Morogoro Isiyo na Rangi

Picha ni ishirini na mbili. Binamu yangu alizipiga kwa simu Jumamosi moja tulipompeleka Bibi Morogoro kwa treni ya umeme, tukaenda asubuhi na kurudi jioni. Kesho yake akaziweka kwenye kundi la familia la WhatsApp, zote nyeusi na nyeupe. Mashangazi wakajaza mioyo. Mjomba aliyeko Mwanza akaandika kwamba zimemkumbusha enzi za Mwalimu. Bibi anatumia kitochi, kwa hiyo nilimwonyesha kwenye simu yangu. Alizitazama moja moja bila haraka, akafika ya tisa, ile aliyoketi dirishani, akanirudishia simu.

"Mjukuu wangu, mmeshanipeleka huko?"

Ninazihakiki picha hizi kwa sababu ya swali hilo, na kwa sababu wazo la kuondoa rangi lilikuwa langu.

Nianze na haki ya binamu yangu. Ana jicho. Katika picha ya nne, mtoto ameegemeza paji la uso kwenye kioo cha dirisha na sura yake imerudi hafifu juu ya mashamba yanayopita, hata huwezi kusema mara moja mtoto yuko ndani au nje. Ya kumi na tatu ni mikono mitatu juu ya meza ndogo ya behewani: wa Bibi, wa mama yangu na wa mtoto, na kati yao chungwa moja lililomenywa nusu. Picha hizo mbili zingeweza kutundikwa popote. Tulipokuwa tunazichagua nilimwambia kwamba rangi zinapiga kelele, kwamba begi la waridi la mtoto linavuta macho, kwamba chupa za soda zinaifanya safari ionekane kama tangazo la biashara. Akagusa filta moja tu, kila kitu kikatulia. Nikamwambia, "Sasa zimekuwa picha."

Nilichokiita utulivu kilikuwa uzee wa kubandika. Huduma ya abiria kwenye reli hii mpya, kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, ilianza Juni 2024. Mtoto mdogo kuliko wote katika picha zetu ameizidi treni hiyo umri. Haitoi moshi, madirisha yake hayafunguki, na ukisinzia kidogo baada ya Pugu unaweza kuamka umeshafika. Lakini picha zinatuomba tuikumbuke kama kitu kilichopotea. Ukizitazama bila kujua, utadhani ni ile reli ya kati iliyoanza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Mjomba wa Mwanza alidanganyika hivyo hivyo, naye hana kosa.

Tatizo si weusi na weupe wenyewe. Mwaka 1948 Seydou Keïta alifungua studio yake mjini Bamako, karibu na stesheni ya treni, kwenye njia ya reli inayotoka Dakar. Watu walikuja kwake wamevaa vizuri kuliko siku zote. Alikuwa na redio, saa, suti na skuta ambavyo mteja angeweza kupiga navyo picha. Picha zake hazina rangi kwa sababu hizo ndizo zilizokuwa vifaa vya kazi yake, na wateja wake hawakuwa wakiitazama jana. Walikuwa wanajiandalia kesho, wakionyesha watu ambao wangependa kuwa. Hizo picha zilipoonyeshwa New York mwaka 1991, zilitajwa kuwa za mpiga picha asiyejulikana. Mbali na nyumbani, picha ya mtu aliyevaa suti yake mpya inageuka haraka kuwa picha ya zamani tu.

Upande wa pili yupo O. Winston Link, Mmarekani aliyepiga picha za treni za mvuke za Norfolk and Western kati ya 1955 na 1960, akijua kwamba siku zao zinahesabika. Yake ilikuwa huzuni ya kweli, na hakuona haya kuipanga. Katika picha yake maarufu ya mwaka 1956, iliyopigwa Iaeger, West Virginia, wapenzi wawili wamekaa ndani ya gari wakitazama sinema ya uwanjani, huku garimoshi likipita nyuma likitoa moshi mweupe. Mwanga wa taa zake uliifuta picha iliyokuwa kwenye pazia la sinema, ikabidi ile ndege tunayoiona pale aiweke baadaye kwenye chumba cha giza. Kwa hiyo hata picha ya kuaga ina mkono wa mtu ndani yake. Tofauti yake na sisi ni kwamba Link alijua anaaga nini.

Sisi tulikuwa tunaaga nini? Hapo ndipo swali la Bibi linaponikaba.

Sebuleni kwake kuna picha tatu zisizo na rangi. Moja ni ya Babu, ya pili ni ya dada yake Bibi, na ya tatu ni ya mtoto wake wa kwanza, ambaye hata mama yangu hakumkuta. Wote wametangulia. Picha za harusi za watoto wake na mahafali ya wajukuu, picha za watu wanaoweza kugonga mlango kesho, zina rangi. Hakuna aliyeweka kanuni hiyo. Ni miaka tu imezipanga hivyo ukutani, na Bibi ameisoma nyumba yake kwa namna hiyo muda mrefu. Tulipomwondolea rangi, kwetu tulimpa heshima ya kisanii. Yeye aliona tumemhamishia upande wa pili wa ukuta.

Kuna jambo jingine nililolijua baadaye, mama aliponieleza. Siku ile Bibi alivaa kisutu. Sote tulikiona, na hakuna aliyeuliza. Kisutu ni kanga ya bi harusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na Bibi alikuwa amevaa kisutu alipopanda treni kwa mara ya kwanza maishani, daraja la tatu, kwenda Morogoro kwa mumewe. Kumbe safari ilikuwa na mtunzi wake, na mtunzi hakuwa binamu yangu wala mimi. Bibi alikuwa ameipanga picha yake tangu alfajiri, mbele ya kioo cha kabati.

Sasa itazame tena picha ya tisa. Wekundu umegeuka kijivu kizito, umekaribiana na weusi, na maua ya kisutu yamezama. Kimebaki kitambaa cheusi chenye madoa meupe, vazi la bibi yeyote, msibani popote. Katika picha ishirini na mbili za kukumbuka, kitu kimoja kilicholetwa mle behewani makusudi kwa ajili ya kukumbukwa ndicho tulichokifuta. Na kumbukumbu zake zilikuwa na rangi tangu mwanzo. Tulipopita Ruvu alisimulia machungwa yaliyouzwa kupitia dirishani na vumbi jekundu lililompaka bi harusi mpaka kwenye kope. Mimi nilikuwa naangalia simu, nachagua picha.

Nilimwomba binamu yangu picha za awali. Bahati nzuri simu ilikuwa imezihifadhi. Ya tisa yenye rangi ni picha dhaifu zaidi kwa vipimo vya kawaida. Jua limechoma kona ya dirisha, begi la waridi limeingia chini kushoto bila kualikwa, na kiti kinashindana na uso. Ningekuwa naitathmini kwa mashindano ningeiweka kando. Lakini wekundu wa kisutu upo, na ukishauona unaelewa kwa nini mwanamke huyu amenyoosha shingo namna ile.

Ya nne na ya kumi na tatu ningeziacha bila rangi, zimestahili. Ya tisa tumeisafisha kwa rangi, saizi ya kadi. Bibi ameiweka juu ya meza ya televisheni, karibu na harusi ya mama. Ukutani, amesema, bado.