Mto wa Benuzzi

Vitabu vingi vya kupanda milima vina haraka na msitu. Mwandishi huuvuka kwa aya mbili, matope kidogo, tumbili kidogo, kisha tunajikuta kwenye mawe na theluji, mahali anapodhani kisa kinaanzia. Felice Benuzzi, Mwitaliano, hana haraka hiyo. Ndiyo maana kitabu chake, *No Picnic on Mount Kenya*, huwa nawaazima hata marafiki wasiotaka kusikia habari za milima.

Kisa chenyewe wengi wanakijua. Januari 1943, mateka watatu wa vita, Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambi ya Waingereza huko Nanyuki ili wakapande mlima waliokuwa wakiutazama kila siku kupitia seng'enge. Kamba zao zilitokana na nyavu za mkonge za vitanda. Picha ya mlima iliyowasaidia kupanga safari ilikuwa kwenye karatasi ya kopo la nyama. Siku 18 baadaye walirudi kambini kwa miguu yao wenyewe, wakatiwa selo.

Kwa kuwa hawakuwa na ramani, waliamua kuufuata Mto Nanyuki kuelekea juu, na uamuzi huo ndio unaokipa kitabu umbo lake. Mto ni kiongozi mwaminifu lakini bahili: unakuhakikishia kwamba unapanda, basi, hukuambii zaidi. Bonde linabana, mianzi inafunga, mlima uliokutoa kambini hauonekani tena. Kwa kurasa nyingi tunaishi na mawe yanayoteleza, magogo, nyayo mbichi za tembo na hofu ya kifaru. Nilipopanda njia ya Naro Moru nilielewa kwa nini anaandika zaidi juu ya miguu na mikono kuliko mandhari. Kwenye mteremko wa majimaji unaoanza juu ya kituo cha hali ya hewa, macho hayana nafasi ya kutalii. Yanatafuta pa kukanyaga. Nami nilikuwa na mwelekezi, na nilikuwa nimelipa kiingilio.

Msitu unapoisha, nathari nayo inapungua nguvu. Kwenye Batian wanashindwa, theluji na hali ya hewa zinawarudisha, na kurasa hizo bado zina uhai kwa sababu ya njaa. Ila tarehe 6 Februari, Benuzzi na Balletto wanapoisimika bendera ya Italia juu ya Lenana, mita 4,985, lugha inavaa sare. Heshima, taifa, bendera. Mtu aliyekuwa akitazama jiwe moja baada ya jingine sasa anatazama kamera ya kufikirika.

Kasoro kubwa zaidi iko bondeni. Katika msitu wa Benuzzi, Mwafrika ni mtu wa kukwepwa, asije akatoa habari. Hilo naweza kulielewa kwa mtoro. Ninachoshindwa kukipokea ni jinsi mlima wenyewe unavyobaki mtupu, kana kwamba Wakikuyu hawajawahi kuuita Kirinyaga wala kuuelekea wanaposali. Hata majina Batian, Nelion na Lenana, ambayo asili yake ni ukoo wa viongozi wa kidini wa Wamasai, yaliwekwa pale na Mwingereza, Mackinder, aliyefika mwaka 1899 akiwa na msafara uliojaa wapagazi, wakiwemo Waswahili wa pwani. Wapagazi hao hawakutuachia kitabu.

Toleo la Kiingereza la Benuzzi lilitoka mwaka 1952. Oktoba mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na msitu ule ukawa makazi ya wapiganaji wa Mau Mau. Kiongozi wao upande wa Mlima Kenya, Waruhiu Itote, aliyeitwa Jenerali China, alikuwa amewapigania Waingereza huko Burma katika vita ileile iliyomleta Benuzzi Nanyuki. Kitabu chake, *"Mau Mau" General*, kilitoka mwaka 1967. Kama nathari hakimfikii Benuzzi. Kina ukavu wa ripoti, na mara nyingi Itote anatuambia jambo ambalo tungependa kuliona. Lakini kisome mara tu baada ya kile kingine, na kila kitu alichokifanya Mwitaliano kwa utani kinabadilika uzito. Benuzzi anawasha moto ili wanyama wasisogee. Miaka kumi baadaye moshi kwenye msitu huo ungeweza kuleta ndege za mabomu. Benuzzi anajua kwamba akishindwa atarudi kambini, ale, alale, aadhibiwe kwa sheria za mateka. Itote alikamatwa Januari 1954 akiwa na jeraha la risasi, akahukumiwa kunyongwa, na hukumu hiyo ikaja kuondolewa baadaye.

Sioni haja ya kuchagua kati yao. Vitabu hivi viwili vingeuzwa vimefungwa kwa kamba moja, ya mkonge ikiwezekana. Na kwa msomaji anayekianza cha Benuzzi leo, pendekezo langu ni aruke maelezo ya maisha ya kambini akiwa na haraka, aruke hata bendera. Asiruke mto.