Bani, Duara na Ujumbe: Kwa Watunzi wa Riwaya wa Mpanda

Ramani ya riwaya ya Kiswahili ina mahali palipokolea wino na mahali palipobaki peupe. Unguja na Pemba zimekolea. Tanga na Dar es Salaam kadhalika. Huko bara, kisiwa cha Ukerewe peke yake kimetoa watunzi watatu ambao mwalimu wa fasihi hawezi kuwapita bila ya kuwataja: Aniceti Kitereza, Euphrase Kezilahabi na Gabriel Ruhumbika. Lakini ukifika Tabora, ukashika reli inayochepuka Kaliua kuelekea kusini-magharibi, unaingia penye weupe. Mpanda, na nchi yote iliyofanywa Mkoa wa Katavi mwaka 2012, haina mahali katika riwaya zilizozoeleka kusomeshwa katika skuli zetu, wala katika zile ambazo wahakiki hushindana juu yake.

Haiwi kwa ukosefu wa mambo. Reli yenyewe ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa sababu ya madini ya risasi. Mgodi ukaja ukafungwa, reli ikabaki na mji ukabaki. Karema, kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika, Wabelgiji walijenga boma mwaka 1879, kisha mwaka 1885 likaingia mikononi mwa Mapadri Weupe. Hapo ndipo alipofanya kazi ya uganga Adrien Atiman, mtoto aliyetekwa utumwani huko Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomeshwa utabibu Malta, akatibu watu wa Karema tangu mwishoni mwa karne ya 19 hata akafa hapo mwaka 1956. Njoo Katumba na Mishamo, makazi ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972. Walipewa misitu wakaifyeka, wakazaa na kuzikana humo, na mwaka 2014 wakimbizi hao wa 1972 na watoto wao, wa makazi hayo na ya Ulyankulu, zaidi ya watu 160,000, walitangaziwa uraia wa Tanzania. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alikaa Mishamo katika miaka ya 1980 akisikiliza masimulizi yao, na kitabu chake kikatoka kwa Kiingereza mwaka 1995. Mgeni ameyasikia akayaandika. Mwenyeji yuko wapi?

Mwenyeji anaandika, tena kwa bidii. Katika miaka ya karibuni miswada mitatu ya riwaya kutoka Mpanda imepita mikononi mwangu. Miwili imeandikwa na walimu na mmoja na karani wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku. Sitowataja, kwani kazi ambayo haijachapishwa bado ni siri ya mwenyewe. Nitasema tu kwamba miwili ya mwanzo inafunguka Dar es Salaam, ndani ya baa, kuna gari jeusi na tajiri mwenye kitambi, na msichana aliyetoka mkoani ambaye tunajua toka ukurasa wa pili kuwa ataangamia. Wa tatu unaanza Mpanda, kisha nao unapanda treni.

Nimejiuliza kwa nini mtu aliyeishi Mpanda miaka arubaini aandike juu ya baa asiyopata kukaa. Jawabu nililolipata halimhusu mtunzi peke yake. Sisi sote tuliosoma fasihi, au tuliosomea madaftari ya wenzetu, tumefunzwa kuichambua riwaya kwa fani na maudhui: dhamira kuu, dhamira ndogo ndogo, ujumbe, falsafa, wahusika na sifa zao. Njia hiyo ina faida yake kwa mtahini. Balaa huanza pale mwanafunzi anapoigeuza, akaifanya njia ya kutungia. Huandika kwanza ujumbe, kwamba tamaa mbele mauti nyuma, au rushwa ni adui wa haki. Kisha akauchongea wahusika wa kuubeba. Na mwisho kabisa ndipo anapotafuta mahali pa kuwaweka. Kwa kuwa mahali hapana kazi yoyote katika mpango huo, hushika pale palipokwisha kuzoeleka vitabuni. Mpanda hutupwa kwa kuwa ujumbe hauihitaji.

Atakayejitetea kwa Shaaban Robert, aliyewapa watu wake majina ya sifa zao, asisahau kuwa Shaaban alitunga hadithi za kiadili katika nchi za kufikirika, na aliijua vyema sheria ya mchezo wake. Kusadikika haina stesheni wala bei ya mbolea. Ukisha kutaja stesheni ya Mpanda na bei ya mbolea, umeingia katika mchezo mwengine, na humo Bwana Tamaa hawezi kutembea barabarani bila ya kuchekesha.

Muswada wa tatu una kurasa kumi na moja ambazo zimenifanya niandike makala haya. Mke wa mkulima amebaki peke yake na bani, yaani lile banda la kukaushia tumbaku. Moto wa bani huchochewa mchana na usiku kwa siku nyingi: kwanza joto la polepole mpaka jani ligeuke manjano, kisha huzidishwa kidogo kidogo mpaka ukauke ute na ukauke uti. Joto likipanda kabla ya wakati, jani hukauka na ukijani wake, na daraja la tumbaku huanguka. Ndani ya bani hilo muna pembejeo za mkopo za msimu mzima. Usiku wa tatu mtoto anapandwa na homa. Zahanati iko mbali. Mwanamke anatoka nje, anarudi, anasukuma gogo, anamgusa mtoto kipaji, anatazama jani kwa tochi. Hapana neno moja juu ya umasikini wala juu ya nafasi ya mwanamke katika jamii, na sikupata kusoma ukurasa wa siku hizi unaosema zaidi juu ya mambo hayo mawili.

Ukurasa wa kumi na mbili, mume anarejea, mtoto amepona, na familia inahamia Dar es Salaam kwa shemeji, ambaye anatoa hotuba ya kurasa nne juu ya ubaya wa uvivu. Nilitaka kulia.

Basi shauri langu la kwanza kwa anayetunga riwaya Mpanda ni hili: aanze na kazi anayoijua, na mtu ambaye kazi hiyo ikiharibika ataumia. Kitereza alikusudia wazi kuhifadhi mila za Wakerewe, na *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka* imejaa mila kweli kweli. Lakini tunasoma namna ya kupika pombe ya ndizi, hatua kwa hatua, bila ya kuchoka, kwa nini? Kwa sababu Myombekere amenyang'anywa mkewe na wakwe kwa kuwa hawajapata mtoto, na pombe hiyo ndiyo faini ya kumrejeshea Bugonoka. Kila mtungi una mke ndani yake. Huku kwetu, Adam Shafi katika *Kuli* (1979) aliingia bandarini kwa mlango huo huo: mizigo, migongo na ujira kwanza, na mgomo wa 1948 ukaja kama kitu kilichoiva chenyewe.

Mpanda ina kazi za namna hiyo tele. Yuko mchimbaji mdogo wa dhahabu anayeteremka kwenye duara kwa kamba, na mwenye karasha anayemngoja juu na mahesabu yake, na zebaki inayochezewa kwa mikono mitupu. Yuko mrina asali wa Inyonga anayekaa porini majuma. Yuko Msukuma aliyeingia na ng'ombe, na Mpimbwe anayemtazama akiingia. Huhitaji zote, moja yatosha, ukiijua mpaka harufu yake.

Tahadhari moja ndogo juu ya hifadhi. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, ina viboko ambao wakati wa kiangazi husongamana katika madimbwi ya Mto Katuma mpaka huoni maji. Ni ajabu ya kutazama. Lakini miswada yote mitatu ina ukurasa wa viboko, na kila mmoja umeandikwa kwa jicho la mtalii juu ya gari. Mtu wa Katavi humjua kiboko kwa njia nyengine: kwa shamba lililokanyagwa, kwa njia ya maji isiyopitwa magharibi ikiingia. Huyo ndiye kiboko ninayemtaka.

Nije kwenye lugha, na hapa nasema kama mtu wa visiwani mwenye haki ya kuwasema wenzake. Tumewatia watu wa bara hofu isiyo na sababu. Mtunzi wa Mpanda akiandika mazungumzo, wahusika wake wote, Mfipa, Mbende, Mrundi wa Mishamo, husema Kiswahili cha taarifa ya habari. Muhammed Said Abdulla alimwachia Bwana Msa aseme Kiunguja cha mjini toka *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), na hakumwomba mtu radhi. Ruhusa hiyo si ya Waunguja peke yao. Usimulizi na uwe safi, nao usafi hutaka kazi. Lakini kauli za watu ziachwe na mdundo wa kwao. Neno la mahali, kama *bani* au *duara*, lisiwekewe mabano ya maelezo. Litumie mara tatu mahali ambapo kazi yake inaonekana, msomaji wa Chake Chake atalielewa. Nimefasiri kwa miaka mingi, na maneno niliyoyafahamu vizuri kabisa ni yale ambayo mwandishi hakusimama kunieleza.

Juu ya kuandika upya sina mengi. Sura ikikwisha, iweke mwezi mzima, kisha iandike tena bila ya kuitazama. Yale uliyoyasahau aghalabu yalistahiki kusahauliwa. Halafu mtafute mtu asome kwa sauti nawe usikilize. Anapokwama ulimi, tia alama.

Sasa uchapishaji, ambako wengi huumia. Mchapishaji wa Tanzania huishi kwa kitabu cha kiada. Riwaya kwake ni bahati nasibu, isipokuwa ikiteuliwa kusomeshwa. Ndiyo maana barua yako inaweza kukaa mwaka bila ya jawabu. Kitereza alimaliza kitabu chake kwa Kikerewe mwaka 1945, akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata alifariki. Simpi mtu mfano huo auige. Siku hizi ipo milango ambayo yeye hakuwa nayo. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa 2014 na baadaye kuitwa Safal-Cornell, ilifungua mlango kwa miswada isiyochapishwa. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanzishwa 2022 chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ina fungu la riwaya. Soma masharti ya mwaka husika neno kwa neno, hasa idadi ya maneno. Muswada mzuri huanguka kwa sharti dogo.

Anayetaka kujichapishia yuko katika nasaba njema: Ben Mtobwa, mtoto wa Kigoma, alikuwa na kampuni yake mwenyewe, Heko. Lakini Mtobwa alikuwa na wasomaji kabla ya kuwa na kampuni. Usiuze ng'ombe kwa nakala elfu moja. Chapa mia mbili, chukua namba ya ISBN kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba, mlipe mhariri kabla hujamlipa mchora jalada, na ujue mapema ni nani Mpanda, Sumbawanga na Tabora atakayekuwekea vitabu dukani.

Na ukipata mchapishaji, usitie saini kwa furaha. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kazi ni yako tangu ulipoiandika, maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Kuisajili COSOTA ni ushahidi, haki yenyewe unayo tayari. Mkataba ni wa kukodisha sehemu ya haki hiyo. Mrabaha uliozoeleka ni asilimia 10 au karibu yake. Uliza ni asilimia ya bei ipi, ya jalada au ya fedha halisi aliyoipokea mchapishaji, kwani tofauti ni kubwa. Uliza hesabu utaletewa mara ngapi kwa mwaka. Tafsiri, redio, filamu na kitabu cha kusikiliza viwe katika vifungu vyao mbali mbali, na kile ambacho mchapishaji hana nia ya kukifanya, kikate kwa kalamu. Kisha tafuta kifungu kinachosema kitabu kikiisha sokoni na kisipochapwa tena katika muda uliotajwa, haki zote zinarejea kwako. Kisipokuwemo, omba kiandikwe, na usubiri mpaka uletewe karatasi mpya.