Kulinganisha Hedifoni kwa Haki: Kutoka Maabara hadi Mabanda ya Lushoto

Katika mabanda ya vifaa vya simu hapa Lushoto mjini, hedifoni za kuchomeka masikioni zinauzwa kwa bei zinazopishana sana. Zipo za elfu chache, zipo za makumi ya maelfu, na zipo zisizo na waya ambazo bei yake inapanda hadi laki na zaidi. Zote muuzaji atazisifia kwa maneno yaleyale: besi yake ni balaa. Mnunuzi anabaki kutegemea bei na maandishi ya kwenye boksi, na vyote viwili haviwezi kumwambia sauti ikoje.

Njia ya kuzilinganisha kwa haki ipo. Watafiti wa sauti wamekwisha kuifanyia kazi, na sehemu kubwa ya walichofanya inaweza kurudiwa na mtu wa Lushoto, Soni au Mlalo kwa simu yake mwenyewe na nyimbo anazozijua. Hoja yangu ni kwamba sauti nzuri ya hedifoni hutokana na mambo mawili, yaani uwiano wa sauti nene, za kati na nyembamba, pamoja na namna kifaa kinavyoziba tundu la sikio. Bei mara nyingi inalipia mambo mengine kabisa.

Watafiti walifanyaje

Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha katika jarida la Chama cha Akustika cha Marekani uchambuzi wa vipimo vya hedifoni 283. Zilikuwamo za kufunika sikio zima, za kukaa juu ya sikio na za kuingia ndani ya sikio. Alitaka kujua kama hedifoni ya bei ya juu inatoa uwiano wa sauti ulio tofauti au bora kuliko ya bei ya chini. Hakuona uhusiano wowote kati ya bei na uwiano huo. Hii haina maana kwamba hedifoni zote ni sawa, kwani tofauti zipo na ni kubwa. Maana yake ni kwamba huwezi kuzibashiri kwa kutazama bei.

Mwaka huohuo Sean Olive na wenzake Todd Welti na Omid Khonsaripour, wa kampuni ya Harman ya Marekani, walitoa matokeo ya jaribio la hedifoni 30 za kuingia sikioni. Wasikilizaji walikuwa 71, baadhi wamefundishwa kusikiliza na wengine watu wa kawaida tu, na kila mmoja alitoa alama hadi 100. Namna walivyolifanya jaribio hilo inastahili kutazamwa kwa makini, maana ndimo lilimo somo letu.

Tatizo la kwanza lilikuwa jina. Mtu akijua anasikiliza kifaa cha kampuni kubwa, sikio lake linaanza kupendelea kabla wimbo haujaanza. Tatizo la pili ni kumbukumbu. Ukitoa hedifoni moja sikioni na kuchomeka nyingine, sekunde hizo chache zinatosha kusahau undani wa sauti uliyotoka kuisikia. Tatizo la tatu ni uvujaji, kwa kuwa hedifoni ileile hutoa besi nzito ikikaa vizuri na besi haba ikikaa vibaya.

Walitatua yote matatu kwa mpango mmoja. Kila hedifoni ilipimwa kwanza, kisha sauti yake ikaigizwa kwa kompyuta kupitia hedifoni moja bora. Msikilizaji alivaa kifaa kimoja tu muda wote, akawa anabadilisha kutoka sauti moja hadi nyingine papo hapo bila kujua ipi ni ya nani, huku watafiti wakihakikisha sikio limeziba. Matokeo yalikuwa wazi. Waliofundishwa na wasiofundishwa walipenda uwiano uleule wa sauti, na kadiri hedifoni ilivyokwenda mbali na uwiano huo ndivyo alama zake zilivyoshuka. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba masikio yako ya kawaida hayawezi kuchagua.

Sikio lenyewe lina mchango

Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa kama sentimeta mbili na nusu, limefunguka upande wa nje na limefungwa na ngoma ya sikio upande wa ndani. Umbo hilo kwa asili linakuza sauti za karibu na hezi 3,000. Ndiyo sababu kilio cha mtoto kinasikika hata penye kelele.

Ukichomeka hedifoni unalifunga tundu, na ule ukuzaji wa asili unabadilika. Mtengenezaji mzuri anajua hilo, kwa hiyo anaurudisha kwa kuinua sauti za eneo hilo kwa kiasi. Akiuacha, waimbaji watasikika kana kwamba wako nyuma ya pazia. Akizidisha, sauti itachoma na utachoka haraka. Akijaza besi kupita kiasi ili bidhaa ivutie dakika ya kwanza dukani, sauti ya kiume inamezwa. Hedifoni nyingi za bei ya chini zinaharibika hapo kwenye besi, na za bei ya juu nazo hazijapona.

Chagua sauti unazozijua

Kipimo bora cha hedifoni ni sauti uliyowahi kuisikia ikiwa hai. Hapa kwetu hatuna upungufu wa sauti hizo. Lushoto ni makao makuu ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT, na kwaya zinasikika kila Jumapili. Chukua rekodi nzuri ya kwaya uifuatilie sauti moja moja: ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Kama ya pili na ya tatu zimeungana zikawa uji mmoja, hedifoni hiyo ina kasoro katika sauti za kati. Anayezoea kaswida atumie dufu. Dufu likipigwa katikati linatoa mlio mnene, likipigwa ukingoni linatoa mlio mkavu, na hedifoni nzuri inakupa milio yote miwili, kila mmoja ukiwa na mwanzo na mwisho wake.

Wimbo wa pili uwe wa dansi la zamani la Tanga, wa Atomic Jazz au Jamhuri Jazz. Nyimbo hizo zilijengwa juu ya magitaa yanayojibizana. Sikiliza gitaa la rizimu wakati gitaa la solo linapopanda. Likipotea, kifaa kinaficha. Likibaki mahali pake ukaweza kulifuata hadi mwisho, umepata kifaa kinachotenganisha ala.

Wimbo wa tatu uwe singeli au bongo fleva yenye besi nzito, kwa ajili ya kupima mipaka. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la kawaida iko kwenye hezi 41 hivi, na midundo ya kompyuta inashuka chini zaidi. Hapo usitafute ukubwa wa mdundo. Tafuta kama mdundo unakoma unapotakiwa kukoma, au unaburuzika hadi kufunika maneno ya mwimbaji.

Kwa sauti nyembamba, tumia rekodi ya ndege. Anayepita njia za msitu wa Magamba anajua kwamba ndege wengi wa huko husikika kabla ya kuonekana. Milio yao ya juu ikitoka kama mluzi wa bati, au isipotoka kabisa, umeshaipata kasoro ya hedifoni.

Utaratibu wa kulinganisha

Zima kwanza kila mpangilio wa simu unaoongeza besi au kubadilisha sauti. Kisha sawazisha ukubwa wa sauti, na hatua hii usiiruke kamwe. Sikio la binadamu huiona sauti kubwa zaidi kuwa ndiyo bora, hata tofauti ikiwa ndogo. Tena tangu mwaka 1933, Fletcher na Munson walikwisha kuonyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio husikia besi kwa uhafifu zaidi. Hedifoni inayopiga kwa nguvu itashinda bila haki. Cheza sauti ya msomaji wa habari, rekebisha simu mpaka asikike kwa ukubwa uleule katika kila hedifoni, na kumbuka ngazi ya sauti ya kila moja.

Halafu funga macho, mwenzako akukabidhi hedifoni moja baada ya nyingine bila kukutajia. Sikiliza kipande kilekile kifupi, cha nusu dakika au pungufu. Wimbo mzima utakupeleka kwenye kuburudika, na hapo kazi imekwisha.

Kuhusu kuziba, jaribu vimpira vya kila saizi vilivyomo kwenye boksi. Usishangae sikio la kulia likitaka saizi tofauti na la kushoto. Besi ikiwa inacheza, bonyeza hedifoni taratibu kwa kidole. Mdundo ukiongezeka ghafla, kimpira hakijaziba. Watu wengi wanatupa hedifoni nzuri kwa kosa la kimpira.

Kuna jaribio jingine dogo ambalo nalipenda kuliko yote. Weka simu kwenye sauti ya mono, cheza mtu anayeongea. Sauti yake inapaswa kukaa katikati ya kichwa. Ikielemea upande mmoja, badilisha: ya kulia uivae kushoto, ya kushoto uivae kulia. Sauti ikihama upande, pande mbili za hedifoni hazilingani, irudishe dukani. Sauti ikibaki upande uleule, tatizo ni kimpira au sikio lako, na pengine unahitaji kumwona daktari wa masikio.

Usifanye majaribio haya mara tu baada ya kushuka au kupanda mlima kwa basi la Mombo. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na barabara ile ya kilomita 33 hivi inabadilisha mgandamizo wa hewa kiasi cha kuziba masikio. Yakiwa yameziba, huwezi kuhukumu sauti. Meza mate, piga miayo, subiri yafunguke.

Thamani: waya au bila waya

Ukinunua hedifoni isiyo na waya, fedha yako inagawanywa. Sehemu inakwenda kwenye redio ndogo ya Bluetooth, sehemu kwenye betri tatu, yaani moja kwa kila sikio na nyingine ya kasha, na kinachobaki ndicho kinalipia sauti. Betri hizo ndogo huchoka kadiri zinavyochajiwa, na nyingi hazikutengenezwa ili zibadilishwe. Kwa bei ileile, ya waya ina nafasi kubwa zaidi ya kukupa sauti bora, na haina betri ya kufa.

Sehemu inayokatika kwenye ya waya ni pale karibu na pini, na fundi simu anaweza kuitengeneza. Ndani ya waya huo mna nyuzi nyembamba za shaba zilizopakwa vanishi ya rangi, mara nyingi nyekundu kwa upande wa kulia, kijani au buluu kwa kushoto, na ya shaba tupu kwa ajili ya kurudisha umeme. Vanishi hiyo haipitishi umeme, ndiyo maana ukizisokota tu kwa vidole husikii kitu. Fundi anaiunguza kwanza kwa pasi ya kulehemu, kisha analehemu kila rangi mahali pake.

Milima yetu inaongeza sababu nyingine ya kuchagua waya. Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari mnyoofu, kwa hiyo kijiji kilicho nyuma ya kilima hupata redio kwa shida. Simu nyingi zenye FM hutumia waya wa hedifoni kama antena. Wimbi la megahezi 100 lina urefu wa mita tatu, robo yake ni sentimeta 75, na waya wa hedifoni wa zaidi ya mita moja unatosha kulinasa. Unyooshe, usiukunje mfukoni. Anayesikiliza TBC au mpira akiwa shambani bondeni apime faida hiyo kabla ya kuhamia Bluetooth.

Isiyo na waya ina haki yake pia. Anayefanya kazi kwa mikono au kukimbia asubuhi anahitaji uhuru huo, na ni halali kuulipia. Ajue tu kwamba analipia uhuru.

Kulinda masikio

Ngurumo ya injini ya basi ni sauti nene, nayo hufunika besi ya muziki, kwa hiyo abiria hupandisha sauti bila kujua. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki, lakini kwa desibeli 90 muda huo unashuka hadi saa nne. Hedifoni inayoziba vizuri inazuia kelele, na hivyo inakuruhusu kusikiliza kwa sauti ndogo. Thamani hii hakuna boksi linaloitaja. Ila ukitembea kando ya barabara zetu nyembamba, toa ya sikio moja, maana bodaboda haitasikika.

Hukumu yangu ni hii. Kwa anayetaka sauti bora kwa pesa ndogo, anunue ya waya yenye vimpira vya saizi kadhaa, aliyoijaribu kwa kwaya, gitaa na mdundo. Anayehitaji uhuru wa kutembea achukue isiyo na waya kwa kupitia jaribio lilelile. Anayetaka kulipa laki kwa ajili ya jina, ajue vipimo havimuungi mkono. Nanyi ndugu zetu wenye maduka, wekeni pea moja ya kila aina kwa ajili ya majaribio, pamoja na vimpira safi na spiriti ya kufutia. Mteja aliyesikiliza kabla ya kulipa hatarudi kesho kudai pesa yake.