Kidole Juu ya Mstari

Alhamisi ni siku ya soko Ngaramtoni. Darasa la Kidato cha Tatu liko karibu na barabara iendayo Namanga, kwa hiyo kipindi cha kwanza huanza na sauti za makonda wakiita abiria wa mjini, na za kina mama wakiswaga punda waliobeba magunia. Mwalimu hashindani na kelele hizo. Anaweka kikapu mezani, anaitikia shikamoo ya watoto 54, kisha anagawa vitabu kimoja kimoja, kama mtu anayegawa mayai.

Nakala za riwaya ya Takadini ni 9. Kila kitabu kinazungukwa na watoto 6, wawili wakikaa, wanne wakiinama juu ya mabega yao. Vyote vimevikwa karatasi ya kaki, na pembe zake zimekunjwa kwa ndani ili zisichanike. Nilipofunua kimojawapo niliona tarakimu ndogo za penseli pembeni mwa kila aya. Mwalimu alizitia mwenyewe usiku uliotangulia, sura nzima ya siku ile, katika nakala zote 9. Mtoto akisema “aya ya saba,” wote 54 watazame mahali pamoja. Ametumia penseli kwa sababu vitabu ni vya shule. Kipindi kikiisha, zile tarakimu zinaweza kufutika.

Kazi yake, ukiitaja kwa mdomo, inaonekana ndogo: kumfundisha mwanafunzi kwamba akisema neno kuhusu kitabu, aonyeshe alipoliona ndani ya kitabu. Swali la fasihi la kidato cha nne humtaka mtahiniwa athibitishe kauli kwa hoja kutoka vitabu alivyosoma, na watoto wengi hufika hapo wakiwa na hoja bila kitabu. Wamezipata kwenye vijitabu vya uchambuzi, au kwenye madesa yanayorithishwa kidato hadi kidato. Mtoto anaweza kukuandikia kwamba Sekai, yule mama wa riwaya ya Takadini, ni jasiri, mvumilivu na mwenye mapenzi ya dhati, tena kwa mwandiko mzuri, na asijue Sekai alikuwa akikimbia nini.

Somo linaanza kwa kusoma. Binti mmoja anasimama, anasoma kwa sauti, na wengine wanafuata kwa kidole. Mwalimu anapita katikati ya madawati akitazama vidole, si nyuso. Uso wa mwanafunzi unaweza kudanganya kwa dakika 40. Kidole kilichosimama mstari wa tatu wakati msomaji yuko mstari wa kumi hakina cha kuficha. Akikuta kimepotea, anakisogeza kwa ncha ya penseli yake mpaka mahali pake, bila kumkatiza msomaji wala kumtaja mtu jina. Nilimwona akifanya hivyo mara 11, na sidhani kama kuna mtoto aliyejua kwamba mwenzake naye alisogezwa.

Kisha anauliza Sekai ni mtu wa namna gani. Mikono inapanda haraka. “Jasiri!” Anaandika ubaoni, juu kabisa: Sekai ni jasiri. Chini ya sentensi hiyo anaacha nafasi tupu ya urefu wa mkono. Anageuka, anamtazama kijana aliyejibu, na kuuliza, “Umeona wapi?”

Swali hilo lina namna nyingi za kuulizwa. Ukilikaza kidogo, linakuwa la polisi, na mtoto anakaa chini akiwa ameapa moyoni kutojibu tena. Yeye analiuliza kama mtu anayeuliza njia. Na baada ya kuuliza, ananyamaza. Nilitazama saa: sekunde 50 zilipita. Katika darasa la watoto 54 hizo ni nyingi sana. Mimi nilisomeshwa na mwalimu aliyekuwa akiujaza ukimya wa namna hiyo kwa kuandika jibu ubaoni, nasi tukanakili, na mpaka leo nakumbuka majibu kuliko vitabu. Huyu alisimama na chaki mkononi. Kurasa zikaanza kufunuliwa. Nje punda walipita, na hakuna aliyeinua kichwa.

Majibu yakaja matatu. La kwanza, kwamba Sekai alimpenda mwanawe. La pili, kwamba alikaa miaka mingi katika ndoa bila kupata mtoto, akavumilia. La tatu, kwamba mtoto alipozaliwa akiwa na ualbino, na mila ikataka asiishi, Sekai alimbeba akatoroka naye kijijini. Mwalimu aliyaandika yote matatu katika ile nafasi aliyoiacha, moja chini ya jingine, kwa ukubwa mmoja wa herufi. Hakusema lipi zuri. Akauliza ni wangapi nyumbani wamewahi kuchambua maharage. Darasa zima likainua mikono, wavulana kwa wasichana. Hapa ni nchi ya maharage. Kituo cha utafiti cha Selian kilichoko jirani kimetoa hata mbegu zinazobeba jina lake. Mtoto wa Ngaramtoni anajua kukaa na ungo mapajani, kutoa kijiwe, kutoa punje iliyotobolewa na mdudu, kuacha nzima.

“Basi tuchambue,” akasema.

Kiswahili kimetupa neno moja kwa kazi zote mbili, ya ungo na ya kitabu, na nimelitumia miaka yote bila kulisikia vizuri mpaka asubuhi ile. Walianza na jibu la kwanza. Je, kumpenda mtoto ni ujasiri? Hapana, mtu mwoga naye hupenda. Likatolewa, lakini hakulifuta: alilizungushia duara na kuandika kando, “mapenzi”. Siku nyingine litafaa. La pili likaenda kwenye uvumilivu. La tatu likabaki, na hapo akawarudisha kitabuni tena: watafute Sekai alijua nini kabla ya kuondoka. Kwani anayetoka bila kujua hatari hatuwezi kumwita jasiri. Vidole vikateremka kurasani. Aliyepata kwanza hakuruhusiwa kusema. Aliruhusiwa kuweka kidole na kusubiri mpaka wenzake watano wa kitabu chake nao waone.

Sehemu inayofuata ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo inayoharibika katika majibu mengi ya mtihani. Mtoto ana hoja, ana ushahidi, ameviandika kimoja baada ya kingine, na vimekaa pale kama majirani wasiosalimiana. Mwalimu huyu anaiita sehemu ya tatu “kamba”. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wamewaona punda tangu asubuhi: gunia likiwekwa mgongoni bila kamba, halifiki sokoni. Kamba ni sentensi inayosema kwa nini ushahidi huu unaithibitisha hoja hii. Anawazuia kuianza kwa “hii inaonyesha kwamba Sekai ni jasiri,” maana hapo mtu amerudia hoja tu. Anataka lile lisilosemwa bado: kwamba Sekai alijua kukiuka mila kungemfanya apoteze mume, nyumba na watu wake, na akaenda. Sentensi hiyo moja iliwachukua dakika 14. Iliandikwa, ikafutwa kwa dasta, ikaandikwa tena. Ubao ulikuwa mweupe kwa vumbi la chaki, na mkono wa kulia wa mwalimu vilevile.

Nilirudi wiki iliyofuata. Walikuwa wamehamia Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, tamthilia ya Edwin Semzaba. Mwanafunzi wa nyuma alisema Ngoswe ni mzembe, na alipoulizwa ameona wapi, akafunga kitabu na kuonyesha jalada. Wenzake walicheka. Mwalimu hakucheka. Alimshukuru kwa kuwa ameonyesha mahali, kisha akawauliza wote kama jina la kitabu ni ushahidi. Walibishana hapo muda mrefu, wakakubaliana kwamba jina ni hoja ya mwandishi, na mwandishi naye anadaiwa ushahidi kama mtu mwingine. Sijawahi kusikia jambo hilo likisemwa vizuri zaidi katika ukumbi wowote.

Basi wakaingia ndani kuutafuta. Ngoswe ametumwa na serikali kuhesabu watu kijijini. Anampenda Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi, na mwishowe karatasi za hesabu zinachomwa moto. Binti mmoja akaweka kidole pale penye moto: huu ndio ushahidi wa uzembe. Mara yule wa nyuma, aliyechekwa, akasimama. “Mwalimu, karatasi kachoma Mzee Mitomingi. Ngoswe hakushika kiberiti.”

Mwalimu alikaa. Nadhani ndiyo mara pekee nilipomwona akiketi wakati wa kipindi. Aliwaachia. Kwa robo saa darasa liligawanyika pande mbili, na sheria ilikuwa moja tu: anayesimama aseme ukurasa kwanza, aya kwanza, ndipo maoni. Nikakumbuka kwamba mwanaanthropolojia P. H. Gulliver aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1963, kuhusu namna Waarusha wa miteremko hii ya Meru walivyomaliza magomvi yao kwa mikutano na majadiliano, watu wakizungumza mpaka wapatane. Wajukuu wao walikuwa mbele yangu na sare za shule, wakibishana kuhusu kiberiti. Walipofika, walifika kwa kamba: moto haukuwa wa Ngoswe, lakini hasira iliyouwasha ilitokana na yeye kuweka penzi mahali pa kazi aliyotumwa, ndani ya nyumba ileile aliyokwenda kuhesabu. Yule wa nyuma ndiye aliyeisema sentensi hiyo, polepole, akiitafuta huku akiitamka.

Kuna hatua nyingine ambayo mgeni anaweza asiione. Katika chumba cha mtihani kitabu hakipo. Kwa hiyo, baada ya wiki kadhaa za vidole na aya, mwalimu anakusanya nakala zote 9, anazipanga kikapuni, na kuwaambia wasimulie ushahidi vitabu vikiwa vimefungwa: nani, wapi, alifanya nini, kukatokea nini. Namba ya ukurasa inaachwa, tukio linabaki. Mtoto aliyekiona kitu kwa kidole anakisimulia akiwa ametulia, na hata akikosea jina la mtu anajua kwamba kuna jina amelikosea. Aliyekariri husimulia haraka, akiogopa kukatizwa. Mwalimu huwatofautisha kwa kusikiliza tu. Kwenye mashairi habadilishi kanuni ila anaikaza: huko maneno yenyewe ndiyo ushahidi, kwa hiyo beti ziwe kichwani kama zilivyoandikwa, si muhtasari wake.

Jioni moja nilimkuta kwenye ofisi ya walimu na madaftari 54. Kalamu yake nyekundu huandika kidogo sana. Penye hoja isiyo na mahali anaandika pembeni “uk.?” tu, na daftari hurudi kwa mwenyewe ili ajibu. Penye ushahidi usiofungwa anachora mstari mdogo uliopinda, ndiyo kamba. Hatoi alama mpaka daftari lirudi mara ya pili, mara nyingine ya tatu. Nikihesabu, kwa jibu moja la nusu ukurasa anasoma zaidi ya madaftari 100.

Alikuwa amefika la 23. Mtoto alikuwa ameandika hoja yake, na kwenye mabano akatia ukurasa na aya. Ningekuwa mimi, ningeweka vema na kuendelea. Jua lilikuwa linazama, na taa ya ofisini haina nguvu. Yeye alivuta kikapu, akatoa kitabu, akafunua mpaka ukurasa ule, akashusha kidole pembeni akihesabu tarakimu zake za penseli, akasimama kwenye mstari. Akausoma mpaka mwisho. Kisha akaweka vema.