Nusu Kilo, Sinia Zima

Nyama ya vipande ina hesabu. Ikipakuliwa tu, macho hutangulia mikono: nani kapata mnofu, nani kaachiwa mfupa. Nusu kilo mbele ya watu 8 ni vijipande vya kuhesabika, na mpakuaji hata awe mwadilifu vipi hakosi lawama. Ipitishe nusu kilo hiyohiyo kwenye mashine ya bucha, iwe kima, na hesabu inakwisha. Kila tonge la wali litakuwa na nyama yake, na kitinda mimba atapata sawa na baba mwenye nyumba. Ndiyo maana wali wa kima wa sufuria moja nauhesabu kuwa ufundi wa haki kabla haujawa ufundi wa kubana matumizi.

Haki hiyo huanzia buchani. Chagua nyama mwenyewe, yenye mafuta kiasi, isagwe mbele yako na ipikwe siku hiyohiyo. Mashine huchanganya kilichokuwa juu ya nyama na kilichokuwa ndani, hivyo kima hailazwi ovyo wala hailiwi ikiwa nusu mbichi.

Sufuria ikiwa moja, kila kitu huingia kwa zamu yake. Kitunguu hutangulia, kwa mafuta kidogo, kikaangwe mpaka kiwe cha kahawia, maana ndicho kitakachoupa wali rangi. Vifuate kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, bizari nyembamba, mdalasini na iliki. Harufu ikishapanda tu, tia kima.

Hapa ndipo subira inapopimwa. Kima ikipata moto hutoa maji, na maadamu maji yapo, nyama inachemka tu, haikaangiki: joto haliwezi kupita sana nyuzi 100, nayo rangi ya kahawia yenye utamu inataka zaidi ya hapo. Basi sikiliza. Mwanzoni sufuria inatokota. Maji yakikauka mlio hubadilika ukawa mkavu, mafuta yakajitenga pembeni, na madonge yakaanza kuvunjika chini ya mwiko. Kilichogandia chini kisikutishe. Nyanya ikiingia itakibandua, na humo ndimo mchuzi unamopata nguvu.

Baada ya hapo mfuko ndio unaoamua. Viazi mbatata vilivyokatwa vidogo, njegere, au dengu zilizokwisha chemshwa, vyote hunywa ladha ya nyama na kuieneza mbali. Tia mchele, maji na chumvi, ufunike. Maji yakikaribia kukauka, punguza moto. Mwenye jiko la mkaa aweke makaa machache juu ya mfuniko, wali upaliwe uive juu na chini.

Sufuria hii haiogopi hodi. Mgeni akibisha wakati viazi bado vinamenywa, huongezwa kikombe cha mchele na maji yake, na hakuna aliyenyang'anywa kipande chake ili mgeni ale. Sinia likishawekwa katikati, kila mtu hula upande wake bila kuchungulia wa mwenzake. Kitakachobaki cha kugombewa ni ukoko, na huo ni haki ya aliyepika.